Kabla Uulize Laifjaketi, Uliza Kama Mashine Inakojoa

Kila Desemba status zenu nazijua. Mguu unaning'inia kando ya boti, maji ya kijani, miwani meusi, mtu mmoja ameshika kofia isipeperuke. Wengine wako Wasini kutafuta pomboo, wengine Lamu, wengine Kilifi jioni jua likizama. Kamera iko mbele siku zote. Sijawahi kuona hata mmoja wenu akigeuza simu nyuma, pale mashine imefungwa na nahodha ameketi na mkono wake kwa usukani akiwaza mambo yake.

Leo geuzeni simu nyuma.

Mashine ya boti ikiwa inanguruma, utaona kamkondo kembamba ka maji kanaruka kando yake, kama mtoto anakojolea ukuta. Huko majini hawaoni haya kuliita jina lake: mashine inakojoa. Ikikojoa vizuri, mko sawa. Ikianza kudondosha kidogo kidogo, kuna shida inakuja. Ikikauka kabisa na bado inanguruma, basi una dakika chache tu kabla kimya kiingie, na kimya cha boti katikati ya mkondo si kimya kizuri.

Msimamo wangu ni huu, na najua kuna wenye boti hawataupenda. Sisi abiria tumefundishwa kuogopa mawimbi na tukasahau kuogopa mashine isiyotunzwa. Laifjaketi tunaiuliza, na ni vizuri, endeleeni kuuliza. Lakini laifjaketi ni ya wakati mambo yameshaharibika. Ile mpira ndogo iliyo ndani ya mguu wa mashine ndiyo inayoamua kama yataharibika, na hiyo hakuna anayeiuliza.

Niliijua vipi? Kwa ujinga na kwa kukwama. Mwezi wa saba, kusi imekaza, tulikuwa kwa boti ya fiba tukitoka upande wa Pate kuja Lamu mjini. Tukapita Mkanda, ule mfereji kati ya Manda na bara, mikoko huku na huku. Anayeijua Mkanda anajua ni lazima upite maji yakiwa yamejaa. Yakitoka, unabaki kwa tope. Maji yalikuwa yashaanza kutoka na nahodha alikuwa anakimbizana nayo. Mashine ilikuwa ya farasi 40. Katikati, sauti ikabadilika, ikawa nzito kama mtu anapanda ngazi na gunia. Halafu harufu ya rangi kuungua. Halafu kimya.

Nahodha akafungua kifuniko, moshi ukatoka. Akachota maji ya bahari kwa kopo akamwaga juu ya injini, chwaaa. Mimi nikaona amefanya la maana. Baadaye ndio niliambiwa hiyo ni njia nzuri ya kupasua injini, kwa sababu chuma kilichowaka hakipendi baridi ya ghafla. Tulikuwa watu 14, na mmoja alikuwa dada mwenye mimba kubwa anapelekwa hospitali na mama mkwe wake. Maji yakazidi kutoka. Boti ikakaa kwa tope. Tukakaa zaidi ya saa nne tukisubiri bahari irudi, mbu wakitufurahia, yule dada amelala kwa mapaja ya mama mkwe, na kila akishika tumbo boti nzima inanyamaza. Alifika salama, alhamdulillahi. Lakini kufika kwake salama sisi hatukuchangia kitu.

Kesho yake nilienda kumtazama fundi akifungua ule mguu wa mashine, nikitaka kujua ni nini hasa kilituweka pale. Akatoa kitu kama ua la mpira jeusi, linatosha kwa kiganja. Lilitakiwa liwe na mapezi sita. Yalibaki mawili. Mengine yalikuwa yamekatika na vipande vyake vimepanda juu na maji vikaziba njia. Fundi akamuuliza nahodha, "Hii umebadilisha lini?" Nahodha akaangalia chini. "Ami, hiyo ilikuja na mashine."

Inaitwa impela. Ndiyo pampu. Mashine ya boti haina rejeta kama matatu. Inakunywa bahari yenyewe. Kando ya mguu wake chini, karibu na propela, kuna vijitundu kama chujio. Impela inazunguka ndani ya kikombe chake, inavuta maji kupitia hapo, inayasukuma kwa mrija kwenda juu, yanazunguka silinda, yanabeba joto, halafu yanatupwa. Mengi yanatokea chini pamoja na moshi. Ule mkojo mnaouona ni sehemu kidogo tu, umewekwa makusudi ili nahodha ajue pampu inafanya kazi.

Na hilo joto si la kuchezea. Petroli ikilipuka ndani ya silinda, moto wake kwa ile sekunde ndogo unapita nyuzi 2,000. Injini yenyewe kwa sehemu kubwa ni aluminiamu, na aluminiamu inayeyuka kwa nyuzi 660. Kinachofanya isiyeyuke ni maji yanayopita kila wakati bila kukatika. Yakikatika, pistoni inavimba, inasugua silinda, inashika. Baada ya hapo hata ukivuta kamba mpaka bega litoke, haizunguki. Watu huita "mashine imenoki." Mpira wa kiganja umeua mashine ya mamia ya maelfu ya shilingi.

Sasa, impela inakufaje? Kwanza uzee. Ni mpira, na mpira ukikaa umepinda sehemu moja miezi mingi unashika ule upinde. Pili mchanga na tope. Ukipita kwa maji madogo kama Mkanda, au ukifika ufuoni mashine bado iko chini inachimba, unavuta mchanga ndani ya pampu, na mchanga unakwaruza kikombe mpaka impela haishiki tena. Tatu, hii inaniudhi kuliko zote: kuwasha mashine nchi kavu "kusikia tu kama inalia." Impela inalainishwa na maji yale yale inayoyasukuma. Bila maji inajisugua kwa chuma, na haichukui hata dakika kuanza kuungua. Nimeona watu wakifanya hivi ufuoni wakimwonyesha mteja anayetaka kununua. Mteja anatabasamu, sauti tamu, anatoa doo. Amenunua mashine na wakati huo huo wamemuulia pampu mbele ya macho yake.

Halafu kuna plastiki. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Kenya Agosti 2017, lakini bahari haikuambiwa. Nailoni moja ikibandika kwa vile vijitundu, mashine inakosa maji pale pale hata kama impela ni mpya. Hii angalau dawa yake ni rahisi: zima, inua mguu, toa nailoni, subiri ipoe, washa tena. Kwa wenzetu wa Kisumu, Homa Bay na Mbita shida ni ile ile kwa nguo nyingine. Ziwa halina chumvi, lakini magugu maji yanaziba vijitundu kama yamelipwa, na tope la ufuoni linafanya kazi ya mchanga.

Lakini sisi wa Pwani adui wetu mkubwa ni chumvi, na hapa nataka tukae kidogo kwa sababu ndipo nilipobadilisha maoni yangu.

Maji ya bahari yana karibu gramu 35 za chumvi kwa lita. Chukua jerikeni ya lita 20 ujaze baharini: umebeba karibu gramu 700 za chumvi. Sasa fikiria mashine inayopitisha lita kadhaa kila dakika, kutwa nzima. Ikiwa inatembea, chumvi nyingi inapita tu. Shida ni ukizima. Yale maji yaliyobaki kwa vijia vya ndani yanakauka, chumvi inabaki, kesho inaongezeka nyingine, kesho kutwa nyingine. Vijia vinakuwa vyembamba kama mishipa ya mzee mla mafuta. Na chini ya ile chumvi, aluminiamu inaliwa pole pole. Siku moja mashine inakojoa vizuri kabisa lakini inachemka, kwa sababu pampu ni nzima ila njia ya kuzunguka silinda imeziba. Kwa hivyo ule mkojo ni dalili nzuri, lakini si cheti cha afya.

Dawa inajulikana dunia nzima: ukirudi, osha mashine ndani kwa maji baridi, yaani maji yasiyo na chumvi. Unachukua pipa lililokatwa, unajaza maji mpaka vile vijitundu vifunikwe vizuri, unatumbukiza mguu wa mashine, unawasha bila gia, moto mdogo, dakika tano mpaka kumi. Propela uitoe kwanza kama unapenda vidole vyako. Mashine kubwa za siku hizi nyingi zina mahali pa kuchomeka mpira wa bomba kabisa, na hizo unaziosha zikiwa zimezimwa. Soma kitabu chake ujue yako ni ipi.

Nilipojua hivi nikawa balozi. Kila nahodha niliyemkuta nilimuuliza, "Unaiosha?" Na kila mmoja alinipa jibu la kukwepa, nikawa nawaona wavivu. Mpaka mmoja wa kule Pate akanichukua nyumbani kwake bila maneno mengi, akanionyesha jerikeni sita ukutani. Akaniambia, "Mwanangu, lile pipa lako linakula tano kati ya hizi. Mwambie mama watoto hayo maneno, mimi nasikiliza." Mama watoto alikuwa pale pale, anasonga ugali, akanitazama tu. Sikumwambia.

Hapo ndipo mambo yanapokuwa magumu. Visiwa vyetu vimezungukwa na maji na havina maji. Visima vingi vina magadi au chumvi. Kuna sehemu watu wanategemea jabia, yale mabwawa ya kuvuna mvua yaliyojengwa zamani, na mvua ikikosa wananunua kwa jerikeni. Halafu mimi kijana wa mjini, ninayefungua mfereji, nakuja kuwaambia wamimine maji ya kupikia ndani ya injini? Yule mama ana haki kuliko mashine. Nikipewa nichague, nitachagua sufuria.

Lakini kusema hivyo hakumalizi shida, kwa sababu mashine ikinoki hakuna sufuria pia. Ile mashine ndiyo inayoleta unga. Kwa hivyo nilirudi kwa fundi kumuuliza, na akanifungua macho mambo mawili ambayo hakuna kitabu kiliniambia. Moja: si lazima maji yawe ya kunywa. Maji ya kisima yenye magadi kidogo, yale mnayafulia nguo, yana chumvi kidogo sana ukilinganisha na bahari. Yatumie. Pili: pipa moja si la boti moja. Boti nne zikirudi jioni moja, zinaweza kutumbukia kwa pipa lile lile, moja baada ya nyingine, na hata ya mwisho itatoka na nafuu kubwa kuliko kukaushiwa maji ya bahari ndani. Maji yakianza kuonja chumvi sana ndio unamwaga.

Na hapa nawageukia BMU. Sehemu nyingi samaki wanaposhuka kuna banda lenye paa la mabati. Paa linapigwa na mvua yote ya Aprili na Mei, na yote inaishia mchangani. Mfereji wa mabati na tangi moja la plastiki, maji ya mashine tu, hayaguswi na mtu wa chai. Kila boti inachangia kitu kidogo kwa wiki. Si sayansi ya roketi. Babu zetu walijenga jabia bila semina.

Nasema semina kwa sababu tunapenda sana zile. Wajua zile hafla za kukabidhi mashine za ufadhili? Hema, viti vya plastiki, hotuba tatu, mkubwa anashika mashine mpya kama amembeba mtoto, picha, makofi. Kila mtu anaenda nyumbani. Sijawahi kuona mtu akikabidhi impela kumi na boksi la spana. Sijaona siku ya pili ambapo fundi anawakalisha vijana na kuwaambia, hebu ifungueni hii, muifunge tena, muifungue. Baada ya miaka miwili mashine ziko nyuma ya nyumba zimefunikwa na gunia, kuku anataga ndani ya kifuniko. Halafu tunaambiwa wavuvi hawatunzi vitu. Utunze nini ambacho hujaonyeshwa?

Si kwamba nahodha wote ni malaika. Kuna uzembe wa makusudi pia. Kuna tabia ya kutoa thamostati na kutupa, eti "inazuia maji." Thamostati ni mlango mdogo unaobaki umefungwa mpaka injini ipate moto wake wa kufanyia kazi, kwa mashine nyingi za boti ni nyuzi 50 hadi 60 hivi, ndio ufunguke. Ukiitoa, injini inakimbia ikiwa baridi mno, mafuta hayaungui vizuri, plagi zinajaa masizi, petroli inaisha mapema. Unaokoa kitu cha bei ndogo na unalipa kila siku kwa pampu ya mafuta. Kama imeshika, badilisha, usiitupe.

Kuna wale wanaopaka rangi ile zinki. Mtaona kipande cha chuma cha kijivu, kimefungwa chini karibu na propela, kimelika kama sabuni. Hicho kimewekwa kiliwe na chumvi ili mashine isiliwe. Ukikipaka rangi umekizuia kazi yake, na bahari itahamia kwa aluminiamu. Kikilika nusu, weka kingine. Na kuna fundi mmoja, simtaji, nilimwona akikata waya wa king'ora cha joto kwa sababu "kinapiga kelele bure." Kilikuwa kinapiga kelele kwa sababu mashine ilikuwa inachemka!

Halafu tuongee pesa, kwa sababu mara nyingi nahodha anajua haya yote. Boti si yake. Mwenye boti yuko mjini, anataka hesabu yake jioni. Nahodha analipwa kwa siku. Akisema "leo nisitoke, nabadilisha impela," amejifuta mshahara, na mwenye boti atamtafuta mwingine asiye na maneno. Impela ikifa, hasara ni ya mwenye boti; siku ya kupumzika ikichukuliwa, hasara ni ya nahodha. Wawili hawa wanavutana, na abiria amekaa katikati anapiga selfie. Mimi nasema mwenye boti ndiye abebe hili. Miongozo mingi ya watengenezaji inataka pampu ikaguliwe angalau mara moja kwa mwaka, na kwa boti inayovusha watu kila siku ningesema hata mara mbili, kabla ya kusi na kabla ya msimu wa wageni. Siku hiyo nahodha alipwe kama ametoka. Ukitaka faida ya boti, lipa na siku ya boti kulala.

Kuna watu wataniambia wazee wetu walivuka bahari mpaka Arabuni bila impela. Kweli. Walikuwa na tanga. Upepo haunoki. Lakini angalieni hizi boti za fiba: hazina mlingoti, hazina tanga, nyingi hata kasia hazina. Tumetoa kila kitu cha wazee tukabakisha mashine moja, halafu hiyo moja hatuioshi. Mzee angeenda na tanga la akiba, na sindano ya kulishonea.

Sasa wewe wa Desemba. Sikuambii ushike spana. Ukipanda, kaa nyuma ukiweza. Mashine ikiwashwa, hesabu kidogo, mkojo unafaa kutoka haraka. Usipotoka muulize nahodha kwa heshima, "Kapteni, mbona haikojoi?" Mara nyingine ni kijitundu tu kimezibwa na chumvi au mdudu, anakichokoa kwa kipande cha mshipi wa nailoni na mambo yanaendelea. Ukiwa majini na uone umekatika, sema hapo hapo, usiogope kuonekana mshamba. Akipunguza moto na kuzima mapema, mashine inapona na nyinyi mnachelewa robo saa. Na akitaka kumwaga maji baridi juu ya injini inayofuka moshi, mshikeni mkono.

Yule nahodha wa Mkanda bado tunaongea. Mashine ilipona, silinda moja ilisafishwa, alilipia miezi kadhaa. Siku hizi ana kopo la biskuti chini ya kiti chake, na mwezi uliopita alinifungulia nione: impela moja mpya ndani ya karatasi yake, spana mbili, grisi, kipande cha mshipi. Nikamuuliza kama mwenye boti ndiye amenunua. Akacheka. "Nimekata kwa hesabu ya Ijumaa," akasema, "hajajua bado."